Mkate wa jamu kila asubuhi: kuna tunda humo au tunajidanganya?

Wapenzi wasomaji hamjambo. Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba jamu ni sukari iliyopita karibu na tunda, nikaendelea zangu na habari za dagaa, nikajua yameisha. Kumbe nimegusa pabaya. Wengine mmenishukuru, wengine mmenisema kistaarabu, na mmoja kaniuliza kama nimetumwa na wauza karanga. Sijatumwa na mtu jamani, karanga nanunua kwa hela yangu kama nyie. Basi leo dagaa wakae pembeni, tumalizane na hii chupa nyekundu iliyoko mezani kwa kila mtu.

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina mapacha wa miaka sita, asubuhi hawali kitu zaidi ya mkate wa slesi na ile jamu nyekundu ya mchanganyiko wa matunda. Matunda yenyewe ukiwapa wanakimbia, labda embe kwa msimu wake. Mi nilikuwa najipa moyo kwamba angalau kwenye jamu tunda wanalipata, maana chupa ina picha ya strobari, nanasi, chungwa mpaka zabibu. Sasa ndo unasema hamna kitu? Baba yao kanicheka wiki nzima. (Mama Pacha, Tabata)

JIBU: Marahaba Mama Pacha, na mwambie huyo baba apunguze kucheka, maana jioni akirudi na mkate na hiyo chupa anakuja nayo yeye.

Hebu nenda kailete hiyo chupa uigeuze, picha achana nazo, picha ni za kuvutia mteja. Soma yale maandishi madogo ya viambato. Utaratibu ni kwamba vinaandikwa kwa uzito, kilicho kingi kuliko vyote kinatangulia, halafu kinachofuata na kinachofuata. Kwenye chupa nyingi za bei ya kawaida utakuta sukari imekaa mbele kabisa, au tunda limetangulia afu nyuma yake kuna sukari na sharubati ya glukosi, ambayo nayo ni sukari ila imevaa koti lingine. Kisha pektini ya kugandisha, asidi ya sitriki ya kuleta ule uchachu, na rangi. Ukishamaliza hapo angalia kale kajedwali ka lishe, penye gramu 100 utaona sukari inacheza kwenye 60, zingine pungufu kidogo zingine zaidi. Yaani kwenye chupa ya nusu kilo, gramu mia tatu ni sukari tupu.

Sasa tupige hesabu za mapacha wako. Kijiko kimoja cha chakula cha jamu ni kama gramu 20, na watoto tunawajua, hawapaki, wanamwaga. Tuseme kila mmoja anakula slesi mbili kwa kijiko kimoja kimoja, hiyo ni gramu 40 za jamu, ndani yake gramu 24 za sukari, sawa na vijiko sita vidogo vya chai. Mtu akikuambia umchotee mwanao vijiko sita vya sukari aweke kwenye mkate si utamshangaa? Na hapo chai bado haijaja, yenye vijiko vyake viwili. Shirika la Afya Duniani toka mwaka 2015 linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya 5 ndo vizuri zaidi. Waingereza wao wameiweka kwa gramu ili mzazi asiumize kichwa: mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidi gramu 19 kwa siku. Kwa hiyo mapacha saa moja asubuhi, basi la shule halijapiga honi, wameshavuka mpaka wa siku nzima.

Na tunda je? Tufanye jamu yako ni ya kiungwana ina asilimia 45 ya tunda. Kwenye zile gramu 40 tunda ni gramu 18. Hivyo ni vipande viwili vya embe vya ukubwa wa kidole gumba, tena vimechemshwa mpaka vikasahau vilikotoka. Vitamini C haipendani na moto, sehemu kubwa inapotelea kwenye sufuria na kwenye kukaa rafuni miezi. Jamu ya kawaida inabaki na miligramu chache tu kwa gramu 100, kumi hazifiki mara nyingi. Pera bichi kwa uzito huohuo lina miligramu zaidi ya 200. Nyuzinyuzi nazo kwenye jamu ni gramu moja hivi kwa mia, ambayo hata choo haijui kama imepita.

Kitu kingine ambacho mama wengi hamkitazami ni hiyo rangi. Wekundu ule mkali hautoki kwenye strobari, strobari ukiipika inakuwa ya kahawiakahawia. Ukikuta namba E122 au E124 au E129 ujue ni rangi ya kutengenezwa. Ulaya toka mwaka 2010 chakula chenye rangi hizo lazima kiandikwe onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Sisemi mapacha wanakimbia juu ya makochi kwa sababu ya jamu, miaka sita ndo umri wa kukimbia juu ya makochi. Nasema tu, kama kuna chupa mbili na moja haina hizo rangi, chukua hiyo.

Haya sasa usiinuke ukaimwage jikoni wakaanza kulia. Jamu sio sumu. Ni pipi. Ukishaiweka kwenye kabati la pipi kichwani mwako, maswali yote yanajijibu: pipi mtoto anakula siku moja moja, anafurahi, hamna aliyekufa, lakini hamna mama anayesema mwanangu leo kala tunda kwa kuwa kala pipi ya chungwa. Kwa hiyo anza taratibu. Wiki hii jamu upake wewe, kwa kisu, iwe nyembamba mpaka uone mkate chini yake. Wiki ijayo slesi moja iwe ya jamu, na ile nyingine iwe ya karanga za kusaga. Afu hilo tunda wanalolikimbia usiliweke kwenye sahani kama adhabu, likate vipande uwape wakiwa na njaa, wakitoka shule, kabla ya chakula hakijaiva, hapo hata papai linaliwa. Na mkate wenyewe sio lazima kila siku. Kiazi kitamu kilichochemshwa, hasa kile cha rangi ya chungwa tunachokiita kiazi lishe, kina utamu wake na vitamini A juu, ukiweka na yai mtoto anafika saa nne bila kulegea. Mkate mweupe na jamu ni wanga umepakwa sukari, protini yake ni kidogo, ndo maana mwalimu anakuambia watoto wanasinzia kipindi cha tatu.

SWALI: Mambo vipi shangazi, mi nipo hosteli, friji sina, jiko siruhusiwi. Jamu naipendea kitu kimoja, haiharibiki. Nipe mbadala wa mtu maskini tafadhali. (Mwanachuo, Dodoma)

JIBU: Poa tu mwanangu, ila shikamoo yangu umeila.

Kwako wewe karanga. Pinati bata iliyosagwa karanga tupu inakaa nje ya friji wiki kadhaa bila shida, mafuta yakipanda juu unakoroga tu. Kijiko cha gramu 16 hivi kina protini karibu gramu 4 na nguvu kama kalori 95, kwa hiyo usile kama uji, lakini hiyo ndo inashikilia tumbo mpaka mhadhara wa mchana uishe. Za dukani soma lebo kama jamu, kuna zingine zimetiwa sukari na mafuta ya ziada, unakuwa umekimbia mvua ukaingia mtoni. Ukiweza nunua karanga sokoni upeleke kwa wale wenye mashine wakusagie.

Ila karanga zichague kwa macho mawili. Ile iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, ile ambayo ukiitafuna inakuwa chungu, tupa, usionee huruma. Kuna sumu ya ukungu inaitwa sumukuvu, wataalamu wanaiita aflatoksini, na moto wa kukaanga hauiondoi yote. Nyie mlioko Dodoma mnaikumbuka, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa, ile ilikuwa mahindi, lakini karanga ni ndugu yake kwenye hilo.

Kingine parachichi. Msimu wake likishuka bei, nusu yake kwa slesi mbili, chumvi kidogo na ndimu, basi. Nyuzinyuzi gramu 7 kwa kila mia na sukari karibu hamna. Shida yake ni kwamba linakusubiri siku tano gumu kama jiwe afu linaiva usiku umelala, asubuhi limeshapitiliza.

Na hii ya mwisho ndo naipenda kuliko zote: ndizi mbivu moja, ile yenye madoadoa, iponde kwa uma kwenye kikombe, tia kijiko kimoja cha unga wa ubuyu. Unga mweupe namaanisha, unaotoka kwenye kibuyu chenyewe, sio ule ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko uliopikwa na sukari na rangi, ule turudi kwenye kabati la pipi. Ubuyu una pektini yake ya asili, unaishika ndizi inakuwa nzito inapakika vizuri, na uchachu wake unakata ule utamu wa ndizi, mtu anaweza kuapa umeweka jamu ya kitu fulani asichokijua jina. Vitamini C ipo kwa kuwa hujaupitisha motoni, na kalsiamu ya mifupa ipo pia. Tengeneza ya kula muda huohuo, usiweke kesho, huna friji.

SWALI: Salaam aleikum shangazi. Mimi boflo bila ya kitu kitamu siwezi, nimezaliwa nayo na ntazikwa nayo. Lakini nataka nipike mwenyewe nyumbani yenye sukari kidogo. Nimejaribu maembe, ikawa mchuzi. (Bi Mkubwa, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam Bi Mkubwa, shikamoo. Nimecheka hapo kwenye mchuzi kwa sababu mimi nilipika ya papai ikawa mchuzi mara mbili nikainywa na barafu, sikumwambia mtu.

Sababu yake ni hii. Jamu inaganda kwa watu watatu kushikana mikono: pektini ya tunda, uchachu, na sukari nyingi. Ukipunguza sukari mmoja ameachia mkono, na embe bivu pektini yake ni ndogo na uchachu hana, kwa hiyo wote watatu wamelala. Inabidi utafute kitu kingine cha kushikilia.

Njia rahisi ni chia, zile mbegu ndogo zinazovimba zikilowa. Kata embe au nanasi vikombe viwili, weka kwenye sufuria moto mdogo dakika kumi na mbili hivi, nanasi linatoa maji yake lenyewe, embe liongezee vijiko vitatu vya maji. Ponda kwa mwiko liwe la kupasukapasuka, kamulia ndimu nzima, ipua. Likipoa kiasi tia vijiko viwili vya chakula vya chia, koroga, subiri nusu saa ukoroge tena maana zinapenda kujikusanya. Asubuhi imekuwa nzito. Sukari onja kwanza, embe dodo likiiva haliombi sukari, nanasi chachu labda kijiko kimoja. Tukmaria mnazotia kwenye faluda nazo zinavimba hivyohivyo, lakini kwenye boflo zinakwaruza kidogo na zinataka maji mengi, mi naona ziachie faluda yake.

Njia ya pili ni ya kutumia kile tunachotupa. Maganda ya pasheni, yale ya zambarau. Yachemshe nusu saa mpaka ile nyama ya ndani nyeupe ilainike na kuvimba, chukua kijiko uikwangue, ile ngozi ngumu ya nje tupa. Ile nyama ina pektini nyingi. Isage na maji ya pasheni na embe lako, chemsha pamoja, itakushangaza inavyoganda. Mapera nayo hayahitaji msaada, yachemshe na maganda yake, chuja mbegu, ukiendelea kuchemsha yanajigandisha yenyewe. Na rozela pia, ile mnayotengenezea juisi nyekundu.

Sasa sharti lake. Hii si jamu ya kabatini. Sukari kwenye jamu ya kweli inafanya kazi ya ulinzi, inayashika maji yote hata ukungu na bakteria wakija hawapati la kunywa. Ukiitoa sukari umemfukuza mlinzi, kwa hiyo iweke friji kwenye chupa iliyochemshwa, uile ndani ya wiki, na upike kidogokidogo.

SWALI: Shikamoo. Bibi yangu ana kisukari, juzi mjomba kamletea jamu kutoka safari imeandikwa kwamba ni ya wenye kisukari, sasa anaila kama dawa, mara tatu kwa siku, anasema si ya kwetu sisi hii. Tumkataze? (Mjukuu, Tanga)

JIBU: Marahaba mjukuu mwema. Mkatazeni kwa upole, na chupa someni kwanza.

Ile huwa imetolewa sukari ya kawaida ikawekwa fruktosi au sobitoli au maltitoli, au sukari ya bandia isiyo na nguvu. Fruktosi ni sukari vilevile na kalori zake ni zilezile. Sobitoli inapandisha sukari ya damu taratibu zaidi lakini sio sifuri, na ukiila nyingi tumbo linafungua bomba, kwa hiyo kama bibi ameanza kwenda chooni mara nyingi mshukiwa mmeshampata. Na zingine hazina sukari iliyoongezwa lakini zimetengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyochemshwa mpaka yakawa asali, hiyo ni sukari imeingilia dirishani. Diabetes UK, chama cha wenye kisukari cha Uingereza, kimekuwa kikiwaambia watu wake kwamba hivi vyakula vyenye jina la kisukari havina faida ya pekee, ni ghali tu.

Halafu kuna mkate chini ya hiyo jamu, watu wanausahau. Mkate mweupe wenyewe unapandisha sukari ya damu kwa kasi, bibi anaweza kupaka hewa tupu na bado kipimo kikasoma juu. Kwake yeye slesi moja ya ngano nzima na parachichi au yai, na tunda lizima la wastani, sio juisi, ni salama kuliko hiyo zawadi ya mjomba. Kiasi gani, aulize kliniki anakohudhuria maana dawa zake wanazijua wao.

Ila jambo moja. Kama bibi anachoma insulini au anameza zile dawa zinazoshusha sukari sana, ile jamu ya kawaida isiondoke nyumbani. Akianza kutetemeka, jasho la baridi, anaongea visivyoeleweka, kijiko kimoja kikubwa cha jamu au asali au sukari kwenye maji mpeni hapohapo kama bado anaweza kumeza, baada ya robo saa mpimeni tena. Kama hawezi kumeza msimlazimishe kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Na hiyo ya kisukari siku hiyo haitawasaidia, haina kitu cha kumuinua haraka.

SWALI: Habari dada. Sisi ni kikundi cha akina mama Lushoto, tunasindika jamu ya plamsi na ya matunda damu. Wateja wa Dar wanataka sukari kidogo, tukapunguza, zikarudi zimechacha na vifuniko vimevimba. Na nyingine hata ikifika digrii za kwenye kitabu inakuwa ngumu kama ubani. Tunakosea wapi? (Katibu wa kikundi)

JIBU: Nzuri mama, na hongereni sana, maana plamsi za huko zinaoza chini ya miti kila msimu halafu sisi tunanunua chupa kutoka nje.

La pili kwanza kwa kuwa linanifurahisha. Kitabu chenu kinasema jamu imeiva ikifika digrii 104 au 105, si ndiyo? Hicho kitabu kimeandikwa na mtu anayekaa pwani. Maji usawa wa bahari yanachemka kwa digrii 100, lakini nyie mko juu, mita kama 1,400, huko maji yanachemka kwenye 95 tu. Kanuni yenyewe sio 105, ni digrii nne au tano juu ya pale maji yanapochemkia kwenu. Kwa hiyo nyie mwisho wenu ni 99 au 100. Mkiisubiri ifike 105 mnakuwa mmeshaipita jamu mnaelekea kwenye kashata. Chemsheni maji matupu asubuhi moja mtie kipimajoto, andikeni namba ukutani, jumlisheni tano.

La kwanza, ni lile nililomwambia Bi Mkubwa: sukari ndo mlinzi. Jamu inayokaa rafuni bila friji inataka jumla ya sukari, ya tunda na ya kuongeza, ifike asilimia 60 na kitu. Mkishuka hapo lazima mfidie, jazeni ikiwa ya moto kabisa kwenye chupa za moto, zifungeni, mzichemshe tena zikiwa zimefungwa, na kwenye lebo mwandike ikifunguliwa ikae friji. Kuna pektini ya aina nyingine inayoganda kwa kalsiamu badala ya sukari nyingi, ulizeni SIDO, wale wa viwanda vidogo, wanapofundisha usindikaji, na wakati huohuo muulizie kifaa cha kupimia sukari, kile cha kuchungulia kwenye mwanga, kitawaokoa na kubahatisha. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, mnaijua wenyewe. Na chupa iwe ndogo, gramu 200 basi. Mteja wa Dar anayetaka sukari kidogo anachotaka kweli ni kumaliza chupa bila kujilaumu, mpeni chupa ndogo yenye tunda jingi na mwandike asilimia ya tunda kwa namba kubwa. Hilo wenye viwanda hawalipendi.

SWALI: Shangazi, huku Ujerumani jamu zimejaa rafu nzima, nyingine zimeandikwa ekstra bei juu. Kuna tofauti au maneno tu? (Mtoto wa Pemba, Hamburg)

JIBU: Tofauti ipo, kwenye tunda. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 ilitaka angalau gramu 350 za tunda kwa kilo ya jamu ya kawaida na 450 kwa ekstra. Mwaka 2024 wakaibadilisha, inakuwa 450 na 500, kuanzia Juni 2026. Kwa hiyo unapata tunda zaidi kidogo, sio kwamba sukari imekimbia, bado ni nyingi. Ila huko kwenu kuna kitu kizuri, zile chupa zinazoandika tunda asilimia 70 au 75, zimejaa kwenye maduka ya kawaida, hizo sukari yake imeshuka kweli na ndo maana zinaandikwa zikae friji. Chukua hizo. Na ukimwona mtu wa Pemba anarudi nyumbani likizo mwambie abebe tende, zilowekwe, zisagwe na maji na iliki, zipakwe kwenye mkate wa kumimina. Sukari ipo tena nyingi, sikufichi, tende kavu ni zaidi ya nusu yake sukari, lakini zinakuja na nyuzinyuzi na potasiamu, na kijiko kimoja kinatosha.

KWA KIFUPI KIFUPI

Aliyeuliza kama asali ni afadhali kuliko jamu: asali ni sukari asilimia 80 hivi, inaizidi jamu. Ya Tabora ni tamu na mimi naila, lakini naila kama utamu. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata kwenye kidole, kuna vijidudu vyake vinavyoweza kumlegeza mwili mtoto mchanga.

Aliyesema yeye anakunywa juisi ya blenda badala ya jamu: ukichuja umebaki na maji ya sukari ya tunda. Kula tunda, meno unayo.

Aliyeuliza kuhusu ukungu juu ya jamu, kama anaweza kukwangua akaendelea: mama zetu walikwangua, najua, na wangu pia. Lakini kile unachokiona juu kina mizizi chini usiyoiona, na baadhi ya ukungu unaacha sumu. Tupa chupa yote. Ukitaka isikufikie hapo, kisu kiwe kikavu na kisiwe na makombo ya mkate, ukishafungua weka friji, na kijiko kilicholambwa kisirudi chupani. Hapo nawasema mapacha wa Tabata.